Nasa: Neno Moja la Kubeba na la Kusamehe

Somo la wiki
Maandiko ya kusoma: Mwanzo 4:1-16, Mwanzo 50:15-21, Kutoka 34:5-9, Walawi 19:17-18, Isaya 53



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya katikati ya wiki, mama mmoja wa kikundi cha Noonkopir alinishika mkono mlangoni nikiwa nazima taa. Tulikuwa tumesoma habari za Kaini. Akaniuliza, "Pasta, pale Mwanzo 4:13 Kaini anaposema haichukuliki, ni nini hasa hakichukuliki? Ni adhabu ama ni dhambi?" Nikamjibu haraka haraka: ni adhabu, si Biblia imeandika adhabu? Nikafika nyumbani, nikafungua vitabu, nikaona nimemjibu nusu. Somo hili ni deni langu kwake, na wengine mtafaidika humo humo.

Neno lenyewe kwa Kiebrania ni nasa. Mkazo uko mwishoni, karibu useme "nasaa". Msilichanganye na nasa yetu ya mtego, ingawa Kaini naye alikuwa amenaswa. Mwenye konkodansi ya Strong atalipata kwa namba 5375. Limetumika zaidi ya mara 600 katika Agano la Kale, kwa hiyo si neno la pembeni. Niseme pia mapema kwamba mimi si mtaalamu wa Kiebrania. Nilisomea biashara chuo kikuu, na Kiebrania changu ni cha masomo ya jioni, cha kufuata mistari kwa kidole. Lakini kwa neno hili, kidole kimetosha.

Maana yake ya kwanza ni kuinua tu. Maji ya gharika yaliinua safina (Mwanzo 7:17). Ruthu na Orpa waliinua sauti wakalia (Ruthu 1:9, 14). Katika baraka ya makuhani, Bwana anawainulia watu wake uso (Hesabu 6:26). Kiongozi wa kabila aliitwa nasi, yaani aliyeinuliwa. Kuna kichekesho kidogo hapo: ukisema nasi wengi, neno ni lile lile wanaloitia mawingu yanayopanda juu, na Mithali 25:14 inasema habari za mawingu yasiyoleta mvua. Sisi wa Kajiado mawingu ya namna hiyo tunayajua. Viongozi wa namna hiyo, sitaki kuongea sana.

Lakini kitu ukishakiinua lazima kikae mahali. Ndiyo maana neno hilo hilo ni kubeba. Kiswahili chetu hapa ni tajiri kuliko Kiebrania. Sisi tuna kubeba, kuchukua, kujitwika kichwani, kueleka mtoto mgongoni, kumpakata mapajani, kupagaa begani, ambako ndiko alikotoka mpagazi. Kiebrania kinayo maneno mengine ya mizigo pia, lakini nasa peke yake linabeba karibu yote hayo. Wana wa Kohathi hawakupewa magari ya kukokotwa kama Walawi wengine, kwa sababu vitu vitakatifu vilipaswa kubebwa mabegani (Hesabu 7:9). Haruni alibeba majina ya makabila kumi na mawili, mara mabegani, mara kifuani juu ya moyo (Kutoka 28:12, 29). Hata amri ya tatu, ile ya kutotaja bure jina la Bwana, kwa Kiebrania ni kutolibeba bure. Ukiandika jina la Yesu kwenye kioo cha matatu yako halafu unaongeza nauli kwa sababu mvua imeanza kunyesha, hiyo amri haijakuruka.

Na ardhi nayo hubeba. Mwanzo 13:6 inasema nchi haikuwatosha Abramu na Lutu. Neno lililo chini ya "haikuwatosha" ni nasa: nchi ile haikuweza kuwabeba pamoja, mifugo ilikuwa imezidi. Wazee wa hapa hawahitaji pasta awaelezee mstari huo. Wanakumbuka Kitengela ikiwa malisho, kabla ranchi ya jamii haijagawanywa miaka ya 1980 na kabla ya mawe ya mipaka na nyaya, wakati wanyama wa mbuga ya Nairobi walishuka huku kufuata nyasi. Na wote tunakumbuka ukame wa 2022, mizoga ya ng'ombe kando ya barabara ya Namanga. Nchi ilikuwa inasema kwa Kiebrania.

Sasa tuje kwenye swali la yule mama.

Kuna maneno mawili ambayo katika Biblia yanatembea pamoja: nasa avon. Avon ni uovu, pamoja na hatia yake na hata matokeo yake. Kiebrania hakivitenganishi vizuri. Angalia Walawi 5:1. Mtu aliyeshuhudia jambo akakataa kutoa ushahidi, atauchukua uovu wake. Nasa avon. Maana yake umekosa, basi mzigo ni wako. Halafu fungua Kutoka 34:7. Bwana anapita mbele ya Musa mlimani akilitangaza jina lake, na kati ya sifa zake anajiita mwenye kusamehe uovu. Ukiangalia Kiebrania pale penye "kusamehe", unakuta nasa avon. Maneno yale yale mawili!

Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea ukurasa. Inakuwaje neno moja linamaanisha mtu kubeba hatia yake, na tena linamaanisha Mungu kumsamehe? Nikaangalia Zaburi 32, pale Daudi anamwita heri mtu aliyesamehewa: nasa. Nikaangalia ndugu za Yusufu wakimwomba awasamehe: nasa. Farao akimwomba Musa msamaha kwa sababu ya nzige (Kutoka 10:17): nasa. Hata pale Mungu anapomwambia Kaini kwamba akitenda vyema atapata kibali (Mwanzo 4:7), neno ni la mzizi huo huo, kuinuliwa.

Basi Kaini alisema nini? Maneno yake yanaweza kusomwa, "Adhabu yangu ni kubwa, siwezi kuibeba." Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 imekwenda njia hiyo, na ni njia halali. Lakini Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki, zamani kabla Bwana hajazaliwa Bethlehemu, walisoma vingine: uovu wangu ni mkubwa kuliko wa kusamehewa. Kiebrania kimeacha milango yote miwili wazi. Mama yangu wa Noonkopir, jibu ni kwamba Kaini mwenyewe labda hakujua anasema lipi. Anayesema "siwezi kubeba hii" na anayesema "hakuna wa kunibebea hii" wanalia kilio kimoja.

Hapa ndipo shahada yangu ya biashara ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Mwalimu wetu wa uhasibu alikuwa na swali moja. Mwanafunzi akisema deni fulani limefutwa, anamuuliza, "Limeenda kwa nani?" Kwa sababu kwenye vitabu vya hesabu deni haliyeyuki hewani. Ukilifuta upande wa mdaiwa, lazima liandikwe upande mwingine kama hasara ya mtu. Aliyekopesha amelimeza. Kuna mtu amelibeba.

Tukifikiri juu ya msamaha huwa tunafikiri kufuta ubao. Unapitisha kitambaa, chaki inapotea, hakuna aliyeumia. Lakini nasa si neno la ubao, ni neno la bega. Mungu anaposamehe uovu, hajifanyi kwamba haukuwepo. Anauinua kutoka mgongoni kwako, na ukiinuliwa lazima ukae mahali. Ndiyo maana kwenye Walawi 16:22 yule mbuzi anaondoka amebeba maovu yote ya watu kwenda nchi isiyo na mtu. Ndiyo maana Isaya 53:4 wafasiri wetu wametumia "ameyachukua", halafu "amejitwika". La kwanza ni nasa lenyewe. La pili ni ndugu yake, sabal, kubeba mzigo mzito. Mstari wa 12 nasa linarudi tena, safari hii kwa dhambi za watu wengi. Yohana Mbatizaji alipomwonyesha Yesu kama Mwanakondoo wa kuiondoa dhambi ya ulimwengu (Yohana 1:29), kitenzi cha Kigiriki pale nacho ni cha kuinua na kuondoka na kitu.

Mzigo unaobebwa na mtu mwingine ni rahisi sana kuusahau. Wengi wenu mmekula nyama choma au kununua vyondo Kariokor, Nairobi. Jina lile linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Dar es Salaam inaitwa Kariakoo, ni jina lile lile. Magari yalikwama, wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, basi vyakula na risasi vya jeshi vilipita juu ya vichwa na mabega ya watu wetu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, si kwa vita. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba za kumbukumbu ya vita ile, na mmoja wao ni mpagazi. Tunapita kila siku na simu masikioni. Mikate ya jeshi haikutembea yenyewe.

Shosho wangu alibeba kuni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Hata alipozeeka na kununuliwa gesi, paji lake lilikuwa na bonde. Mzigo ulishatuliwa zamani, alama ikabaki. Yesu alipowatokea wanafunzi baada ya kufufuka, angeweza kuja na mikono laini. Hakuja nayo.

Sasa ushuhuda, na huu sio wa kunipamba.

Kabla sijaingia huduma niliajiriwa ofisini, na nikamdhamini mwenzangu mkopo kwenye Sacco. Mnajua utaratibu: mkopaji akikosa kulipa, wadhamini wanakatwa. Aliacha kazi, simu ikazimwa. Sehemu yangu ilikuwa shilingi 180,000. Nilikatwa 7,500 kila mwezi, miezi 24. Tulikuwa na mtoto mdogo. Tuliacha nyumba ya vyumba viwili tukaenda kukaa chumba kimoja, na mke wangu ndiye aliyekuwa akipanga foleni kwa boza la maji na mitungi ya lita 20 kwa sababu mimi nilikuwa nimechukua kazi ya pili ya jioni. Ninawaambieni kwa sababu sitaki mtu afikiri nafundisha msamaha kutoka kwenye kiti laini.

Mwaka jana ndugu huyo alikuja kwenye ibada yetu hapa Kitengela. Baada ya maombi alinisubiri nje, akasema, "Nisamehe." Nikamwambia pale pale, "Nilishakusamehe, ndugu yangu," nikamkumbatia, watu wakaona. Usiku sikulala. Nilikuwa napiga hesabu na riba.

Jambo lililonichoma siku zile ni hili. Kwa upande wa pesa, mzigo nilikuwa nimeubeba wote, shilingi ya mwisho. Lakini tangu nibebe, nilikuwa nimesimulia kisa hicho kila mahali. Nilikisimulia kazini, kwa mashemeji, na mara mbili kwenye mimbari kama mfano wa kuchekesha kuhusu udhamini, na kuna watu kanisani walimjua namwongelea nani. Yaani nilikuwa nimebeba deni, na bado kila wiki namtwisha. Mzigo mmoja ukawa na wabebaji wawili, na haukuwa mwepesi kwa yeyote. Hiyo si nasa.

Nilimtafuta tena. Tulikaa kwenye kibanda cha chai karibu na steji. Nilimwomba msamaha kwa yale ya mimbarini, na hapo ndipo alilia, si ile siku ya kwanza. Akaniambia kwa miaka yote alikuwa akiona mtu wa kazi ya zamani mjini anavuka barabara. Tumekubaliana anilipe kidogo anachoweza, na mwezi asipoweza, hatuulizani. Miezi mitatu hajaweza. Ameniruhusu kuandika haya bila jina, na aliyasoma kabla hayajachapwa.

Yusufu ananifundisha hapo. Ndugu zake hawakuja wenyewe kwanza. Walituma ujumbe, wakiogopa, wakisema baba kabla hajafa ameagiza hivi. Sina hakika Yakobo aliagiza kweli, inaonekana kama woga umetunga. Yusufu hakuwahoji. Neno nasa lilipofika masikioni mwake alilia. Halafu soma mstari wa 21: akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Wale waliomuuza wakawa kwenye bajeti yake. Akaubeba uovu wao, na juu yake akaongeza unga wa watoto wao.

Lakini nisieleweke vibaya, na hapa nitaongea kama mtu aliyekaa ofisi ya ushauri wa kanisa na kusikia. Kuna watu wanatumia mafundisho ya msamaha kumnyamazisha aliyeumizwa. Mwanamke anapigwa nyumbani, anaambiwa abebe msalaba wake. Mtoto ameguswa vibaya na jamaa, familia inasema yaishe nyumbani, tusiaibishe jina. Fungua Walawi 19:17. Pale tunaagizwa kumkemea jirani kwa wazi, ili tusibebe dhambi kwa ajili yake. Kitenzi ni hicho hicho, nasa. Mungu anasema ukinyamaza juu ya uovu, hujausamehe. Umejitwika sehemu ya hatia. Na Kutoka 34:7, mstari ule ule unaosema Mungu husamehe uovu, unaendelea kusema kwamba hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia. Basi aliyepigwa aende hospitali, aende dawati la jinsia kituo cha polisi, na mimi au mke wangu tutaenda naye. Kumsamehe aliyekuumiza hakumaanishi kuficha fimbo yake. Ni kazi kati yako na Bwana, ina muda wake, na hakuna mzee wa kanisa mwenye ruhusa ya kukupigia saa.

Kuna wale ambao swali lao ni kama la Kaini. Hamdai mtu, ninyi ndio mnadaiwa. Kuna ndugu aliniambia ameshatubu jambo lile lile mara nyingi kiasi kwamba anaona aibu kulitaja tena. Someni Isaya 46:1-4 polepole. Miungu ya Babeli, Beli na Nebo, imepakiwa juu ya wanyama, na wanyama wamechoka. Mkitaka kupata picha, simameni Noonkopir asubuhi mtazame punda wa maji anavyopanda na mitungi. Mungu wa namna hiyo, wewe ndiye unambeba, unamlisha, unamfunika mvua ikinyesha. Halafu Bwana anageuka na kusema yeye ndiye aliyewabeba watu wake tangu tumboni, na atawabeba mpaka nywele ziwe nyeupe. Nasa liko hapo tena. Musa anasema Bwana alimbeba Israeli njia yote ya jangwani kama mtu anavyombeba mwanawe (Kumbukumbu la Torati 1:31), na jangwani Israeli hakuwa mtoto mtulivu. Mtoto aliye mgongoni hapimwi kila asubuhi kama anastahili kubebwa.

Jumatano vikundi vya nyumbani vitakutana saa kumi na mbili na nusu jioni kama kawaida. Noonkopir na Acacia mtaunganishwa wiki hii. Mje mmesoma Mwanzo 50 na Walawi 19, na kila mmoja aje na jibu la swali moja: ni mzigo gani uliubeba kwa ajili ya mtu, na bado unamtwisha? Si lazima useme jina lake. Afadhali usiseme.